Muulize Mwalimu: Pakeji za likizo, dagaa wa Mwaloni na insha ya "nilienda kwa bibi"

Shule zimefunga na maswali yamekuja mengi mwezi huu, karibu yote ya likizo. Nimechukua manne.

Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko la tatu hapa Buhongwa, Mwanza, mwezi wa kwanza anaingia la nne na si unajua la nne kuna upimaji wa taifa. Wamempa pakeji ya likizo, makaratasi kibao, halafu kuna mwalimu wa mtaani ananiambia nimlete tuisheni asubuhi mpaka saa nane. Mtoto akiona tu yale makaratasi anasema tumbo linauma. Kaka yake ndo anampa majibu yeye anakopi. Baba yake anasema nikimwachia acheze atasahau hata tebo ya saba. Nifanyeje? (Mama, Buhongwa)

Marahaba mama. Hilo tumbo nalijua, huwa linapona chakula kikiiva.

Tuanze na hiyo ya kukopi maana ndo inanikera kuliko yote. Pakeji ikirudi shuleni na kila swali limepatikana, mwalimu ataamini mtoto ameelewa na ataendelea mbele, na mtoto atabaki pale pale. Mwambie kaka yake aache. Ukurasa mmoja asubuhi akishakunywa chai, afanye mwenyewe, swali asiloliweza alizungushie duara aliache wazi, basi, afunge. Ile duara mwenzio ndo inanisaidia mie nikiishika, naona kumbe huyu kugawanya kwa baki bado, namrudisha hapo. Tuisheni ya mpaka saa nane kila siku kwa mtoto wa la tatu mimi siungi mkono, hiyo si likizo, ni muhula wa tatu tena wa kulipia.

Kuhusu kusahau, baba yake yuko sahihi kwa upande mmoja, mtoto anasahau kile asichokitumia. Kwa hiyo kitumike. Mpe elfu tano na mtume dukani, ila kabla hajatoka aandike kwenye daftari anachoenda kununua, sukari nusu kilo, mafuta ya kupimiwa, nyanya fungu mbili, umtajie bei, apige hesabu chenji itakuwa shilingi ngapi. Akirudi mnahesabu hela mezani mnalinganisha na alichoandika. Ikipungua mia mbili usimgombeze kwanza, muulize imepotelea wapi, utashangaa anavyochambua, pengine nyanya zimepanda, pengine amenunua pipi. Hapo amejumlisha, ametoa, ameandika, na hiyo nusu kilo ni sehemu ambayo kitabuni inachorwa kama mkate uliokatwa na watoto wengine hawaielewi mpaka waishike mkononi.

Kusoma nako msitafute mbali. Mkipanda daladala asome kila kibao cha njia, Igoma, Kisesa, Nyegezi, na yale maneno yanayoandikwa vioo vya nyuma ambayo mengine hata mie siyaelewi. Usiku amsomee mdogo wake. Amwandikie bibi meseji kwenye simu yako kwa Kiswahili kamili, sio "xaxa bibi", na bibi akijibu aisome yeye kwa sauti. Na tebo ya saba iingizeni kwenye rede, anayerushiwa mpira anataja, akikosea anatoka. Wataigombania mpaka jioni mama, utawaita kuoga hawasikii.

Mwalimu habari za kazi. Nina biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba. Dogo wangu yuko la tano, likizo nataka awe anakuja nami aone hela inavyotafutwa. Mke wangu anasema huko ni kumtumikisha mtoto. Nani yuko sahihi? (Baba, Kirumba)

Nzuri kaka. Mkeo ana hoja, usimkatae haraka. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 ndo mtu anaanza kuajiriwa kazi nyepesi, na wako wa la tano hajafika, kwa hiyo asiwe kibarua, asibebe gunia na usiku asipande mtumbwi. Kuja na baba asubuhi masaa mawili matatu akaona kazi, hilo ni jambo jingine kabisa na mimi naliona zuri.

Ila akija asikae tu juu ya ndoo. Mpe daftari. Wewe unajua kwamba mbalamwezi ikikolea dagaa wanaadimika, maana wavuvi wanawavuta kwa taa na mwezi ukiwaka ziwa zima taa inakosa nguvu, mitumbwi inapumzika. Sasa yeye kila siku achore mwezi ulivyo, jioni au alfajiri, pembeni aandike bei ya sado (ile ndoo ndogo ya kupimia) ya dagaa siku hiyo. Mwezi unarudi ulipoanzia baada ya kama siku 29 na nusu, kwa hiyo akianza wiki hii, shule zikifunguliwa atakuwa ameuona mzunguko mzima, na ataona mwenyewe bei ilivyopanda na kushuka nao. Hiyo ni sayansi na hesabu kwa pamoja, na ukimuuliza kwa nini bei imepanda atakujibu kwa daftari lake. Umuulize pia faida: umenunua gunia kwa kiasi gani, umetoa sado ngapi, zimeuzwaje, usafiri ulilipa nini. Jiandae tu, watoto wa hivyo wakishajua faida wanaanza kudai asilimia.

Mimi mwalimu mwenzako, nafundisha la pili shule ya msingi huku Ilemela, darasa limejaa, watoto wanakaa wanne wanne dawati moja. Kila tukifungua nawaambia waandike walivyotumia likizo na wote wanaandika "nilienda kwa bibi, nilikula wali, nilifurahi sana". Nafanyaje na umati huu?

Mwalimu pole na hongera. Wale hawana shida ya kuandika, ile sentensi wameishika kwa sababu kila mwaka inapata vema.

Siku ya kufunga waambie kila mtoto arudi na kitu kimoja cha likizo kinachoingia mfukoni. Utaletewa kokoto, kokwa la embe, tiketi ya meli ya Bukoba, gamba la sato linalonuka, vumilia. Dawati zima linachagua kitu kimoja, wanakishika, wanaulizana, kilitoka wapi, nani alikuwepo, kilikuwaje. Baada ya hapo ndo waandike, na utaona sentensi zinabadilika zenyewe maana mtoto anaandika akiwa amekishika. Mmoja aliniandikia, "Gamba lilinikata kidole bibi akacheka." Niliisoma mara mbili, mtoto wa la pili!

Na hesabu ipo hapo hapo. Waambie wakusanye visoda. Chora mistari sakafuni kwa chaki, waliobaki Mwanza, walioenda Ukerewe, Sengerema, Geita, kila mtoto anaweka kisoda chake kwenye mstari wake. Tayari una grafu, wanaisoma kwa macho, wapi wengi, wapi wachache, zimezidi ngapi. KKK yote, kusoma, kuandika na kuhesabu, imo kwenye kipindi kimoja na hujapiga kelele.

Mwalimu, watoto wamekazana kuogelea ziwani likizo hii, naogopa kichocho. Nikiangalia mkojo hauna damu basi wako salama? (Dada, Igombe)

Hapana dada, na hapo wengi tunapotea. Kichocho cha huku ziwani zaidi ni kile cha tumbo, damu inaonekana kwenye choo kikubwa, tumbo linauma, anaharisha, na mwingine haonyeshi dalili yoyote. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa pale kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, vinapenya ngozi ya kawaida hata isiyo na kidonda. Maji ya ziwa ya kuogea yakikaa kwenye pipa siku mbili bila konokono, vinakufa. Wapeleke kituo cha afya wakapime, dawa ipo na huwa wanapewa hata mashuleni, ila haizuii kuambukizwa upya, akirudi majini kesho anaanza moja.