Maswali na majibu: awamu za aloi za shaba na indiamu

Nimeyeyusha aloi yenye asilimia 30 ya indiamu nikitaka Cu7In3, yaani awamu (aina ya fuwele) yenye atomi 7 za shaba kwa 3 za indiamu. Kipimo cha eksirei, kinachotambua fuwele, kinaonyesha shaba tele. Nimekosea wapi?

Kwenye mizani. Asilimia 30 ya nini, ya uzito au ya atomi? Swali hili halikomi kuletwa, na halikomi kuletwa nusu. Atomi ya indiamu ina uzito wa 114.82, ya shaba 63.55. Cu7In3 ina asilimia 30 ya atomi za indiamu, ambayo kwa uzito ni 43.6. Ukitaka gramu 10, pima gramu 4.36 za indiamu na 5.64 za shaba. Aliyepima 3 kwa 7 amepata takriban asilimia 19 ya atomi, yaani mchanganyiko wa Cu7In3 na shaba iliyobeba indiamu kidogo. Hapo eksirei imesema kweli. Na baada ya kuyeyusha, pima tena uzito wa donge zima. Likipungua, muundo ulioandika daftarini si huo ulio nao mkononi.

Naweza kutumia kikombe cha aluminiamu kwenye DSC (kifaa kinachopima joto ambalo sampuli hufyonza au kutoa ikipashwa) hadi nyuzijoto 700?

Hapana. Shaba na aluminiamu zikigusana huanza kuyeyuka pamoja kwenye 548 (joto lote humu ni la Selsiasi), na kihisi chako ndicho kitakacholipia. Tumia alumina, kauri ya oksidi ya aluminiamu. Platinamu nayo iache, indiamu iliyoyeyuka huila.

Mchoro wa awamu (ramani ya awamu zipi zipo kwa kila muundo na joto) unasema Cu11In9 ni imara hadi karibu 307. Mbona aloi yangu ya asilimia 45 ya atomi inatoa kilele cha kuyeyuka kwenye DSC karibu na 153? Je, si imara?

Ni imara. Ulichopima ni mabaki. Aloi hii inapopoa, chembe zenye shaba nyingi zaidi hutangulia kuganda. Ikifika karibu 307, kimiminika kilichobaki hupaswa kumenyuka na chembe hizo kuzaa Cu11In9, lakini awamu mpya huzizingira, na kuanzia hapo atomi lazima zipenye kwenye yabisi, kazi ya polepole sana. Kimiminika kinachokosa wa kumenyuka naye huzidi kuwa na indiamu hadi kigande kwenye yutektiki (mchanganyiko unaoganda mwisho, kwenye joto la chini kuliko yote), karibu 153. Mchoro unaeleza msawazo, hali ya mwisho aloi ikipewa muda wa kutosha, haujui ulipooza aloi yako kwa haraka gani. Wanaosoma jina la awamu kwenye mchoro kisha kulibandika kwenye sampuli wanajaza majarida makosa.

Kwanza hakikisha ni 153 kweli, si 156.6 ya indiamu tupu. Sahihisha kifaa kwa indiamu safi, kwa kasi ileile ya nyuzi 5 au 10 kwa dakika, na usome mwanzo wa mteremko badala ya ncha ya kilele. Bila hivyo tofauti ya nyuzi tatu na nusu haina maana. Kisha kadiria mabaki: yutektiki hiyo ni karibu indiamu tupu, ambayo huhitaji takriban jouli 28.5 kwa gramu kuyeyuka. Ukipata jouli 2.8 kwa gramu ya sampuli, karibu sehemu moja ya kumi haijamenyuka. Ifunge sampuli kwenye mrija wa kwatzi uliotolewa hewa, iache tanurini kwenye 280 kwa wiki kadhaa, itumbukize majini ghafla, upime upya. Kilele kikipungua, umepata jibu.

Tabaka zangu nyembamba za shaba na indiamu zimetoa mistari tofauti ya eksirei baada ya wiki mbili. Mashine imeharibika?

Mashine ni nzima, sampuli ndiyo imebadilika. CuIn2 huota kwenye mpaka wa metali hizi hata kwenye joto la chumba, na ukiipasha huipisha Cu11In9. Andika tarehe ya kutengeneza na ya kupima, na hifadhi sampuli kwenye friza. Jihadhari pia na mistari. Kwa eksirei zinazotoka kwenye bomba la shaba, CuIn2 ina mstari karibu na digrii 43.3, palepale pa shaba, na mwingine karibu na 33.3, ubavuni mwa indiamu. Tafuta 18.9 na 34.4, hapo shaba na indiamu hazina mstari.

EDS (kipimo cha elementi kwenye hadubini ya elektroni) inaweza kutenganisha Cu7In3 na Cu2In?

Asilimia 30 dhidi ya 33.3 ya atomi: bila sampuli za kulinganishia, usithubutu. Na chembe iwe na upana wa mikrometa kadhaa, la sivyo unapima jirani zake. Ukiona silikoni, hujagundua awamu mpya. Ni punje za msasa zilizozama kwenye indiamu laini.

Nataka kiungo cha tabaka za shaba na indiamu kinachoungwa kwenye 180 lakini kisiyeyuke kwenye 400. Shaba iwe nene kiasi gani?

Kila mikrometa 1 ya indiamu huhitaji 1.05 ya shaba ili yote iwe Cu7In3, inayovumilia hadi karibu 630. Ukiweka 0.55 utaishia Cu11In9, na kwenye 307 kiungo kitatoa kimiminika tena. Weka shaba ya ziada, 1.5 au zaidi, na ondoa oksidi ya indiamu kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, suuza, kausha, unga mara moja. Oksidi ikibaki, hesabu ya unene haitakusaidia, kwa sababu metali zenyewe hazijagusana.