Silanti ya Boti Si Silikoni ya Bafu: Kwa Mafundi Wapya wa Karakana

Wiki hii nimemwona tena kijana hodari, mwenye mikono mizuri na adabu njema, akizungushia silikoni nyeupe ya bafu kwenye tundu la bomba litakalokaa chini ya mstari wa maji muda wote wa uhai wa boti. Nilipomuuliza kwa nini amechagua hiyo, alinijibu kwamba imeandikwa haipitishi maji. Ni kweli imeandikwa hivyo, na pembeni mwa sinki kweli haipitishi. Lakini boti hupinda, hutetemeshwa na injini, huchomwa na jua mchana kutwa na kupoa usiku, na kila kifaa kilichofungwa juu yake huja siku kikahitaji kufunguliwa. Kwa kuwa swali hilohilo hurudi kila tunapopokea wanagenzi hapa Eneo la Viwanda, Nairobi, naona heri niyaandike haya mara moja, muyasome kabla hamjaigusa bunduki ya silanti, ile dawa ya kuzuia maji kwenye viungo.

Jambo la kwanza ni kujiuliza, kabla hujakata pua ya katriji, ule mrija wa silanti, kifaa hicho kitafunguliwa na nani na kwa sababu gani. Pampu ya kufua maji hufa, dirisha hukwaruzika likabadilishwa, nguzo ya reli hugongwa gatini ikapinda. Vyote hivyo vinataka silanti itakayokubali kuachia bila kung'oa jelkoti, ile ngozi laini ya nje ya faiba. Kwa hiyo poliurethani kali kama 3M 5200, ambayo ni gundi ya kudumu na huchukua siku 5 hadi 7 kushika kikamilifu, iacheni kwa viungo visivyokusudiwa kufunguliwa kamwe, kama pale sitaha inapoungana na mwili wa boti. Katika vifaa vya kawaida vya sitaha, kinachobeba mzigo ni bolti, washa pana na bamba la chini. Kazi ya silanti ni kuzuia maji. Hapo poliurethani ya nguvu ya wastani, mfano Sikaflex 291 au 3M 4200, inatosha, na mahali pengi utepe wa butili, ule wa mpira laini unaonata, unazishinda zote mbili, kwa sababu haugandi, hufuata mwendo wa kifaa, na siku ya kukifungua unabanduka kwa vidole. Msiuweke chini ya mstari wa maji wala karibu na mdomo wa tangi la petroli, maana mafuta huuyeyusha. Na mkitumwa kuununua, hakikisheni ni butili kweli, kwa kuwa maduka ya vifaa vya ujenzi huuza utepe wa lami wa kuzibia paa unaofanana nao sana, na lami hulainika juani ikaichafua sitaha.

Jambo la pili ni kujua silanti itagusana na nini. Polisalfaidi, aina nyingine ya silanti, ni nzuri mno: huvumilia mafuta, hukaa chini ya maji bila shida, na mafundi wa sitaha za msaji wameitegemea kwa miaka mingi. Lakini ukiipaka kwenye akriliki, ile ambayo wengi wetu tunaiita paspeksi, au kwenye polikaboneti, huila plastiki hiyo taratibu na kuiachia nyufa nyembamba ambazo hazifutiki. Asetoni nayo huziharibu plastiki hizo, hivyo dirisha husafishwa kwa maji na sabuni laini. Kumbukeni pia kwamba akriliki hutanuka kuliko mnavyodhani: kipande cha mita 1 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi, huongezeka urefu kwa takriban milimita 2, ilhali faiba iliyokizunguka haiongezeki kiasi hicho. Ndiyo maana tundu la bolti ya dirisha hutobolewa kubwa kuliko bolti yenyewe, na ndiyo maana nawagombeza ninapoona silanti imebanwa hadi ikabaki nyembamba kuliko karatasi. Silanti iliyobaki nyembamba namna hiyo haina pa kunyumbukia. Itaachia upande mmoja, na maji yatapita hapo.

La tatu nitalieleza kwa kirefu, kwa kuwa lilitugharimu sana na kwa kuwa mimi ndiye niliyeikagua kazi hiyo na kuipitisha. Tulikuwa tunamalizia boti ya kupeleka wageni kuwaona viboko katika Ziwa Naivasha. Sitaha yake ilikuwa ya faiba juu na chini, na katikati plaiwudi. Silanti iliyoandikwa kwenye orodha ilikuwa imeisha, mwenye boti alikuwa akipiga simu kila asubuhi, na dukani jirani ilikuwepo silikoni ya madirisha ya alumini, ile inayonukia siki unapoifungua. Nguzo zote za reli zikafungwa kwa silikoni hiyo. Nilipita na tochi, nikaona mstari safi mweupe kuzunguka kila kitako cha nguzo, bolti zimekaza, kazi ya kupendeza macho. Nikatia sahihi.

Abiria anapoingia botini hushika nguzo na kujivuta. Kila anapojivuta kitako huinuka kidogo sana upande mmoja, mwendo ambao huwezi kuuona, na silikoni ile, ambayo haikuwa imeishika jelkoti sawasawa, ikaanza kubanduka kutoka pembeni kwenda ndani. Kwa nje mstari mweupe ulibaki vilevile. Maji ya mvua na ya kuoshea sitaha yakashuka kando ya bolti, yakafika kwenye plaiwudi, na humo hayakuwa na njia ya kutoka. Boti iliporudi karakanani, nahodha alisema tu kwamba sitaha inabonyea unapokanyaga karibu na nguzo ya tatu. Tukaigonga kwa mpini wa nyundo: mahali pazima palilia kwa sauti kali, na kuzunguka nguzo zote palilia kwa sauti iliyokufa. Tulipoikata faiba ya juu, plaiwudi ilikuwa nyeusi, ikinuka, na ilitoka kwa kijiko kama mkate uliotumbukizwa katika chai. Vichwa vya bolti viling'aa, lakini shingo zake zilizofichwa ndani ya mbao yenye maji zilikuwa zimeliwa na kutu kwa vishimo, kwa sababu chuma cha pua, kile kinachoitwa kisichoshika kutu, kinahitaji hewa ili kijilinde, na pale pamoja na kukosa hewa kilikuwa kimechovywa asidi iliyotoka katika silikoni yenyewe ilipokuwa ikishika.

Hayo yangeisha kwa plaiwudi mpya na faiba mpya, ila tuliongeza kosa juu ya kosa. Mabaki ya silikoni yalikuwa yamebaki sitahani, na tukayapitishia mashine ya msasa moja kwa moja. Msasa haukuyaondoa, uliyasambaza. Tulipopiga rangi, rangi ilikimbia kutoka kila mahali palipokuwa na mafuta ya silikoni, ikaacha vishimo vya duara, vingine vikubwa kama kifungo cha shati. Tukaipangusa, tukapiga tena, vikarudi palepale. Mwishowe ilibidi tukwangue kwa wembe, tusafishe kwa dawa ya kuondolea silikoni huku tukibadilisha kitambaa kila mara, kisha ndipo tupige msasa, na hata hivyo tulinyunyizia maji kwanza ili kuona kama yanatandazika au yanajikusanya kuwa matone. Yakijikusanya, bado silikoni ipo. Mwenye boti alikosa msimu mzima wa wageni wa Desemba, na familia mbili za wafanyakazi wake zilikosa riziki ya msimu huo. Jambo hilo linaniuma hadi leo kuliko hasara ya karakana, na ndilo linalonifanya niwe mkali kwenu mkishika katriji msiyoijua.

Nguzo zile zilipaswa kufungwa hivi. Tobolea tundu kubwa kuliko bolti, kwangua plaiwudi kidogo kuzunguka ukingo wa tundu, lijaze epoksi, ile gundi inayoganda ngumu, na ikishakauka ulitoboe upya kwa saizi ya bolti, ili maji yakipita yakutane na epoksi badala ya mbao. Kisha panua mdomo wa juu wa tundu kwa drili ya kichwa cha koni, ili silanti au butili ipate nafasi ya kufanya pete kuizunguka shingo ya bolti. Kaza nati kutoka chini huku mwenzako ameishikilia bolti isizunguke, kwa sababu bolti ikizunguka huivunja pete hiyo. Wapo mafundi wanaokaza nusu, wakangoja silanti ishike, kisha wakamalizia. Mimi kwa poliurethani napendelea kukaza mara moja hadi silanti itokeze pande zote kwa usawa, nikaacha unene wa milimita 1 au 2 chini ya kitako, na nisiirudie tena.

Kuhusu usafi sina mengi: jaribu kifaa kikavu kwanza, bandika utepe wa karatasi pembeni, kwaruza jelkoti kidogo kwa msasa, kisha pangusa kwa kitambaa chenye asetoni na ukaushe kwa kingine kabla haijapaa. Spiriti isikaribie poliurethani mbichi, hata kwa kulainishia mstari kwa kidole, maana huizuia kushika na itabaki ikinata.

Sasa hewa ya Nairobi. Poliurethani hushika kwa kunywa unyevu wa hewani, ikianzia ngozi ya nje kwenda ndani, na watengenezaji mara nyingi hukadiria takriban milimita 3 kwa saa 24 katika nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50. Alasiri kavu za Januari na Februari, na asubuhi za Julai ambapo joto hushuka hadi karibu nyuzi 12, haziko hivyo. Nimeona vijana wakiigusa ngozi ya juu, wakaiona kavu, wakaipakia boti kwenye lori kwenda Kisumu, na njiani silanti ikavutika ikiwa bado mbichi ndani. Mwenzenu aliyeko Mombasa akiwaambia kwamba katriji ileile humshikia upesi, hasemi uongo. Hewa yake ina maji mengi. Hapa tupeni siku za ziada, na katika msimu wa kiangazi lowesheni sakafu ya karakana.

Mwinuko nao una lake, na hili sijaona likiandikwa kwenye karatasi yoyote inayokuja na silanti. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa huku ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na wa Mombasa. Ukifunga kabisa chumba cha hewa cha kuifanya boti ielee hapa karakanani, kisha ukaiteremsha hadi pwani, hewa ya nje itakibana kifuniko kwa nguvu inayokaribia tani 2 kwa kila mita 1 ya mraba. Kifuniko kidogo cha ukaguzi kitastahimili, lakini silanti yake inasukumwa ndani, na boti iliyopata jua gatini inapoingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa ikavuta maji kupitia ufa wowote uliopo. Kwa hiyo vizibo vya vyumba vya hewa husafiri vikiwa wazi, vikafungwa huko boti inakokwenda.

Chini ya mstari wa maji tumieni poliurethani au polisalfaidi, na vifaa viwe vya shaba nyeusi ya baharini inapopatikana. Silikoni isifike huko kabisa. Na mkiletewa mashua ya mbao ili muitengeneze, msijaze nyufa zake kwa gundi kali ikiwa kavu. Mafundi wa Lamu hukalafati, yaani huziba nyufa, kwa pamba na mafuta kwa sababu wanajua ubao utavimba ukirudi majini; ubao unaovimba ukikutana na kitu kigumu kisichobonyea, hujisukuma wenyewe na kulegeza misumari.

Boti ikikamilika, ijaribuni kwa bomba la maji, mkianza chini na kupanda polepole, mwenzenu akiwa ndani na tochi na karatasi kavu ya kupangusia. Mkianza juu maji yatatiririka kila mahali na hamtajua ni kiungo gani kinachovuja. Tone likionekana, lifuateni kinyumenyume kwenye dari hadi mwanzo wake, kwa maana maji huweza kuingia mbele kwenye omo yakadondokea karibu na tezi. Kisha fungueni daftari la boti, na kwa kila kifaa andikeni aina ya silanti, tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye katriji, siku mliyoibana na saizi ya bolti, ili fundi atakayekifungua siku za usoni ajue kama ataleta kisu, waya mwembamba au vidole vyake tu. Boti isiyo na ukurasa huo sitaitia sahihi.