Mvua inamficha baba mlango

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Baba yangu ana miaka sita haoni. Ndani ya nyumba anatembea bila fimbo, na akikaribia ukuta husimama kabla hajaugusa. Anasema anauhisi usoni, kama pazia linalomgusa shavu. Lakini mvua kubwa ikinyesha anapotea kati ya kitanda na mlango. Juzi alishika kabati akidhani ni mlango. Je, kumbukumbu imeanza kumtupa? Tumemhamishia chumbani saa ya ukutani ya sebuleni, imliwaze.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Akipotea hata siku kavu, mpelekeni kwa daktari. Kama ni mvuani tu, mimi naitazama mvua kwanza.

Hilo la shavuni wasioona wengi wamelisema, na zamani watu waliamini kweli ni ngozi ya uso inayohisi. Mwaka 1944 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mmoja wao mwenyewe akiwa haoni, walitoa matokeo ya majaribio yao. Washiriki walikuwa wanne tu: wawili wasioona, wawili waliofungwa macho. Walipofunikwa uso, bado walikitambua kizuizi. Walipozibwa masikio, wakakigonga. Kisha likaja jaribio ninalolipenda kuliko yote: mshiriki alikaa chumba kingine akisikiliza kwa simu, huku mtafiti akikiendea kizuizi na maikrofoni mkononi. Aliyekaa aliweza kusema kizuizi kiko karibu, na uso wake haukuwapo hapo hata kidogo! Kilichokuwa kikifanya kazi ni mwangwi wa nyayo.

Baba yako basi anasikia ukuta. Mvua kubwa inaufunika mwangwi huo.

Lakini ramani ya nyumba anayo kichwani. Mwaka 1971 mtafiti wa ubongo John O'Keefe na mwenzake walieleza seli za ubongo wa panya ambazo huamka kila panya anapofika mahali fulani. Kazi hiyo ilimpatia O'Keefe sehemu ya Tuzo ya Nobel ya 2014. Panya aliyekwisha kukiona chumba, hata taa zikizimwa seli hizo huendelea kuamka palepale. Tatizo la kwenda kwa kukisia hatua ni kwamba kosa dogo hujumlishwa na lingine, mpaka kabati linakuwa mlango. Anayeona hujisahihisha kwa kutupa jicho. Baba yako hujisahihisha kwa sikio.

Nayajua kidogo haya. Sikio langu la kushoto halisikii tangu utotoni. Simu ikilia nyumbani, kwangu inalia kila mahali, maana ubongo hupima upande kwa kulinganisha masikio mawili, na tofauti ya kufika kwa sauti haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Huwa nazunguka kama kuku.

Mvua ikianza, apite akiburuza mkono ukutani. Milango iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ulioegeshwa nusu ndio unaovunja pua. Viatu vya soli ngumu vinampa mwangwi, soksi juu ya zulia zinamnyima. Redio isizidi sauti.

Na ile saa: sebuleni ilikuwa alama yake, na sasa inagonga mahali pengine. Irudisheni ilipokuwa, mkimwambia kabla ya kuitoa. Chumbani mtafutieni nyingine, yenye mlio tofauti, mwitundike karibu na mlango.