Taa ya betri imewaka? Usikimbilie kufungua altaneta

Wadogo zangu mnaoanza umeme wa magari, gari la zamani likija na taa ya betri imewaka kwenye dashibodi msikimbilie spana. Altaneta (kile kifaa kinachozungushwa na mkanda wa injini na kuzalisha umeme wa gari) nyingi sana zinafunguliwa bure, mteja anauziwa nyingine ya mtumba, inafungwa, taa bado ipo palepale, kumbe shida ilikuwa waya. Pima kwanza, kufungua baadae.

Anza na betri yenyewe, gari limezimwa na limepumzika. Mita isome kama voti 12.6 hivi, ikiwa chini ya 12 hiyo betri haina kitu, iweke kwenye chaja kwanza, usitegemee altaneta ndo iijaze maana kazi yake ni kubeba mzigo wa gari na kurudishia kile stata (mota ya kuwashia injini) ilichokula, ukiilazimisha kufufua betri iliyokufa inachemka na daiodi (vipande vya ndani vinavyogeuza umeme wake uende njia moja) hazipendi joto kabisa. Halafu washa gari, pima tena, unatakiwa uone kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na inazidi kushuka, hakuna chaji. Ikipita 15 inazidisha, hapo betri itanuka mayai viza na mteja atalalamika balbu zinaungua ovyo.

Mkanda nao, ubonyeze katikati kwa dole gumba, ukizama sana kaza. Hilo halihitaji maelezo mengi.

Sasa waya, hapa ndo penye kazi. Chukulia hizi Corolla 100 zenye altaneta ya Denso: nyuma kuna bolti kubwa ya B, waya wake mnene unaenda betri kupitia fyuzi kubwa, halafu kuna plagi ya pini tatu, S, IG na L. S inasoma voti ya betri ili regyuleta (kidhibiti voti cha altaneta) ijue itoe kiasi gani, IG inaleta moto (umeme) swichi ikifunguliwa, yaani ufunguo ukiwa on, L ndo ya taa ya dashibodi. Chomoa plagi, pima upande wa waya. S iwe na 12 muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni. IG iwe na 12 ukifungua swichi tu, ikikosa fuata fyuzi ndogo ndani, na angalia vizuri kama kuna mtu alifunga redio au alamu akaiba moto hapohapo, utakuta maungio ya kusokota kwa mkono na selotepu imeyeyuka. L nayo, swichi ikiwa on, igusishe bodi (chuma cha gari) kwa kipande cha waya, taa ya dashibodi iwake, isipowaka tafuta balbu au waya umekatika njiani. Ila msije mkaipelekea L moto wa betri moja kwa moja bila balbu katikati, regyuleta inaondoka hapohapo.

Kwenye Land Rover za zamani zenye altaneta ya Lucas hiyo balbu ni zaidi ya taa, umeme wa kuiamsha altaneta unapita humohumo, kwa hiyo balbu ya bei ndogo ikiungua gari linaweza lisichaji mpaka ukanyage resi, au lisichaji kabisa.

Plagi ikiwa safi, irudishe, washa gari, weka taa kubwa na feni, kanyaga resi kidogo, pima kutoka bolti ya B mpaka pozitivu ya betri. Mita ikisoma zaidi ya nusu voti umeme unapotelea njiani, kuna kutu au bolti imelegea. Kisha pima bodi ya altaneta na negativu ya betri, hapo hata 0.3 ni nyingi. Ethi (njia ya umeme kurudi negativu ya betri) ndo inasahaulika kuliko vyote, hasa injini ikishawahi kushushwa na ule waya wa ethi haukurudishwa.

Na ule mtindo wa kuchomoa teminali ya betri gari likiwa linanguruma ili kuona kama altaneta "inabeba", acheni. Betri ndo inayotuliza voti, ukiiondoa ghafla voti inaruka juu mno, unaua daiodi, regyuleta, hata kompyuta ya gari, na mteja hatakuelewa. Mita ya bei ya chini inakupa jibu lilelile bila hasara.

Betri inakufa usiku lakini mchana inachaji vizuri? Shika altaneta asubuhi kabla gari halijawashwa, ikiwa na uvuguvugu daiodi inavujisha. Au gari likiwa linanguruma weka mita kwenye AC (voti za umeme geu), pima kwenye betri, ikipita 0.5 daiodi hizo si nzima.

Yote yakiwa sawa na bado hamna chaji, sasa fungua, lakini toa negativu ya betri kwanza, bolti ya B ina moto muda wote na spana ikigusa bodi utaona cheche za kutosha. Ndani anza na kaboni (brashi zinazopeleka umeme kwenye rota, sehemu inayozunguka), mpya zinachomoza kama milimita 10, zikibaki 1.5 zimekwisha. Pete za shaba za rota zikiwa nyeusi zipitishe msasa laini. Rota pima kati ya pete na pete, ohmu 3 hivi ni nzima, kati ya pete na chuma isisome kitu. Mara nyingi utabadilisha kaboni au regyuleta tu, na mteja hana haja ya kununua altaneta nzima.