Jibu: Kutoa damu kwenye kiwiko bila kugusa ateri wala neva

Jambo ndugu stajeri, wewe unayejifunza kazi hospitalini. Unauliza namna ya kudunga mshipa kwenye kiwiko bila kuangukia ateri (mshipa unaodunda, unaoleta damu kutoka moyoni) au neva (uzi wa hisia). Mimi ni muuguzi hapa Bukavu. Kabla ya kufunga garo, yaani mkanda wa kubana mkono, anza na kidole. Mgonjwa aweke kiganja juu, akunje mkono kidogo: utaigusa kano ya bisepsi, msuli wa mbele ya mkono wa juu, ngumu kama kamba. Pembeni yake, upande wa kidole kidogo, ateri inapiga. Neva ya kati inaifuata upande huohuo. Kinachodunda, kiache. Tafuta mshipa uliolala juujuu, heri ule wa upande wa kidole gumba. Zamani mama mmoja aliruka akalia: “Umeme mpaka kwenye vidole!” Ni neva hiyo. Nilichomoa sindano palepale. Na usichokonoechokonoe ukiukosa.