Mwanangu wa Miaka 14 Harefuki, Nimpe Dawa?

SWALI: Mwanangu wa kiume ametimiza miaka 14 mwezi uliopita, yupo kidato cha pili, na darasani hakuna aliye mfupi kama yeye. Nimempima ukutani, ana sentimita 151. Suruali ya shule ya mwaka jana bado inamtosha. Mimi nina sentimita 158, baba yake 172, naye ananiambia nitulie, eti hata yeye alirefuka akiwa kidato cha nne. Kuna mtu anauza unga wa kurefusha. Nimnunulie? – Mama wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Usinunue, mama. Mfupa hurefuka kwenye gegedu, yaani sehemu laini zilizo karibu na ncha zake, na hakuna unga wa kuziamuru zikue. Hatari zaidi ni vidonge au sindano za homoni za kiume zinazotolewa kienyeji: kijana huchomoka haraka, nyumbani mkafurahi, kumbe gegedu zinafunga mapema na anaishia mfupi kuliko ambavyo angekuwa.

Sasa hesabu. Jumlisha 172 na 158, ongeza 13, gawa kwa 2: unapata 171.5. Hapo ndipo anapoelekea, akizidi au kupungua kwa sentimita kama 9. Kwa umri wake wastani ni karibu 163, kwa hiyo 151 ni chini, ila bado haijatoka nje ya kiwango. Na baba yake ana hoja, maana kuchelewa kubalehe hurithiwa sana.

Suruali isikutishe peke yake. Kabla tu ya kubalehe mvulana hupunguza mwendo hadi sentimita 4 au 5 kwa mwaka, kisha katika kilele hufikia 9 au 10. Mpime upya: peku, asubuhi, visigino, makalio na mabega yaguse ukuta, macho yatazame mbele. Laza kitabu kigumu kichwani, ukingo wake ukibana ukuta, piga alama ya penseli, upime kwa tepu ya chuma ya seremala. Ile ya cherehani hunyumbuka. Rudia baada ya miezi 6. Ukirudia kila wiki utapima makosa ya mkono wako tu.

Dalili ya kwanza ya kubalehe si ndevu wala sauti, ni korodani kukua na kuvuka urefu wa sentimita 2.5. Baba yake ndiye aongee naye, si shangazi mbele ya wageni. Kama kwa umri huu hazijaanza kukua, au kasi ni chini ya sentimita 4 kwa mwaka, au amekonda, anaharisha mara kwa mara, au kichwa kinamuuma na macho yanafifia, msisubiri miezi 6. Nendeni hospitali ya Maweni hapo Kigoma, mbebe vipimo vyote vya zamani hata kadi ya kliniki. Watapima damu, zikiwemo selimundu, VVU na homoni za tezi ya shingo, pia mkojo na choo. Kama huogelea ziwani, taja kichocho. Kama anatumia prednisolone kwa pumu, sema, kwa kuwa ikitumika muda mrefu hudumaza. Eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto huonyesha umri wa mifupa: ukiwa nyuma ya miaka yake, muda wa kurefuka bado upo.

Chakula? Ugali wa muhogo mtupu hushibisha bila kujenga. Dagaa wazima na mifupa yao, maharage, yai. Bei yake haifiki ya ule unga.