Kompyuta Iliyokufa Wiki ya Moto

Shamba letu la mikorosho liko kwenye mteremko wa Rondo, uwanda wa juu mkoani Lindi, upande unaotazama bonde la mto Lukuledi, nalo lilikuwa la mjomba wangu kabla halijawa langu, kwa kuwa sisi Wamwera tumezoea kurithishana kwa upande wa mama. Ninaishi Lindi mjini na kupanda huko mara mbili kwa mwezi, lakini mpwa wangu ndiye anayelala shambani, na kwa sababu ya umbali huo nilijizoesha kuweka kila kitu kwenye kompyuta yangu ya mpakato: hesabu za salfa (dawa ya unga ya kupulizia mikorosho) na vibarua za miaka sita, ramani ya mipaka, namba za simu za majirani wote wa mteremkoni, na picha moja ya mjomba akiwa amekaa chini ya mkorosho wake wa kwanza kuupanda.

Kompyuta ile ilinionya kwa muda mrefu. Kuanzia mwezi wa Juni ilikuwa ikichukua muda wa kuchemsha chai kabla ya kufungua faili moja, feni yake ikivuma kama mashine ya kusaga, na ndani yake kukisikika mlio mdogo wa kugonga, tik, tik, ambao mimi niliutibu kwa kupiga kofi ubavuni. Mlio huo, kwa wasioujua, hutoka kwenye diski yenye kisahani kinachozunguka, pale kichwa cha kusomea kinaposhindwa kupata mahali pake na kurudi mwanzo tena na tena. Mtu anayeusikia hana siku nyingi, na siku alizo nazo azitumie kunakili faili zake kwenye diski nyingine, akianza na zile asizoweza kuzipata popote, siyo programu wala miziki. Diski mpya zisizo na kisahani zina kasi na hazisumbuliwi sana na mtikisiko, lakini hazigongi zinapokaribia kufa. Nyingi huzimika kimya kimya siku moja, kwa hiyo mwenye nayo asisubiri dalili.

Jioni moja ya Septemba, kusi ikiwa bado inavuma, mpwa wangu alinipigia. Alisema shikamoo mjomba, na kabla sijaitikia akaongeza kwamba moto umevuka korongo na unapanda, kisha simu yake ikazimika kwa kukosa chaji. Nilipaswa kuwapigia majirani wa juu ya mteremko papo hapo. Simu yangu mwenyewe ilikuwa mpya, ile ya zamani niliipoteza kwenye basi mwezi Julai, hivyo namba zao zote zilikuwa kwenye kompyuta tu. Nikaiwasha kompyuta, ikaleta kioo cheusi chenye maneno mawili matatu ya kusema haioni diski. Nikaizima na kuiwasha tena, mara tano au sita, na baadaye nikaelezwa kwamba hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa maana diski inayougua huzidi kujiumiza kila inapozungushwa. Mwishoni nilimpata shemeji yangu wa Mtama, naye akamtuma kijana na pikipiki.

Tulipoteza mikorosho 37, tena ikiwa kwenye maua. Iliyobaki haikuokolewa na mimi, bali iliokolewa na mkuza ambao marehemu mjomba aliuacha upande wa kusini, ardhi tupu yenye upana wa hatua kumi hivi, ambao mpwa wangu alikuwa akiufagia kwa mazoea tu, na pia umande wa alfajiri, ambao hulegeza moto wa nyasi kuliko ndoo zetu zote. Nani aliuwasha hatukujua. Huenda ni mwindaji wa ndezi, huenda ni mrina asali, huenda ni jirani aliyekuwa akisafisha shamba mchana wa jua kali. Kwetu watu huuita moto wa namba hii moto kichaa, na jina hilo nadhani linatusaidia kumsahau aliyeshika kiberiti.

Mengi ya kuzuia moto hufanywa miezi mitatu kabla haujaonekana. Majani ya mkorosho yakianguka hulala kwa tabaka nene na hukauka haraka, na moto ukiingia humo hukaa chini ya mti ukiupika shina, jambo baya kuliko moto wa nyasi unaopita mbio. Yafagiwe, basi, kabla ya mwezi wa Julai kwisha, na yasirundikwe shinani. Mkuza ulimwe mpaka udongo uonekane. Kufyeka peke yake hakutoshi, maana visiki vya nyasi vilivyokauka vinatosha kuupitisha moto. Anayetaka kuchoma takataka za shamba afanye hivyo mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, jioni upepo ukitulia, baada ya kuwaarifu majirani na serikali ya kijiji, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimwachii mtu kuchoma anavyopenda. Wapo wanaosema moto wa mapema ni dawa ya kila pori. Kwenye miombo, yale mapori makavu ya wazi, nakubali, miti yake imezoea. Lakini msitu wa Rondo wenyewe, ule wa kijani wa juu wenye mivule na komba mdogo wa gramu 60 hivi anayeitwa kwa jina la Rondo, hauna uvumilivu huo, na kila moto unaoulamba ukingo huupunguza.

Na moto ukishafika, mtu asisimame upande wake wa juu mteremkoni. Unaopanda mlima huenda kasi kwa sababu miali yake huinamia nyasi zilizo mbele na kuzikausha kabla ya kuzigusa. Wapigaji wa matawi mabichi waanzie ubavuni, wakiwa na eneo lililokwisha kuungua nyuma yao la kukimbilia. Namba ya zimamoto ni 114 na ipigwe, ingawa sisi wa mteremkoni tunajua gari haliwezi kufika kila mahali.

Nikirudi kwenye kompyuta: fundi wa kwanza niliyempelekea aliifuta diski yote bila kuniuliza, akidhani shida yangu ni kuiona inawaka. Fundi aambiwe kabla hajashika bisibisi kwamba kinachotakiwa ni faili, siyo mashine. Sasa nina nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya pembeni, na moja kwa shemeji Mtama, kwa sababu nakala zinazolala chumba kimoja huibwa pamoja na kuungua pamoja. Umeme ukikatika nachomoa waya na kusubiri urudi na kutulia. Pepo za bahari hapa Lindi zina chumvi inayokula vyuma vya ndani, basi mashine hailali tena dirishani. Betri iliyovimba isitobolewe wala kuendelea kuchajiwa. Hiyo nayo ni moto unaosubiri siku yake.

Namba za majirani nimeziandika kwa kalamu kwenye madaftari mawili, moja likining'inia kwenye nguzo ya banda la shambani. Hesabu za miaka sita nazikusanya upya kutoka kwenye stakabadhi, na zile za salfa zimekaribia kutimia. Mkorosho wa kwanza wa mjomba uliungua ukabaki kisiki, na mvua za Desemba ziliposhika ulichipua kutoka chini; mpwa wangu ameuzungushia miiba ili mbuzi wasiufikie. Picha yake bado naitafuta kwa ndugu.